Kipima joto cha kutafutia mtoto: hakidanganyi, ila kinachelewa

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza la kila niliyemwonyesha. Shilingi 32,000, humo humo na gharama ya kutumiwa kwa basi kutoka Dar. Kwa hela hiyo hapa Moshi unapata vipima joto vya homa vinne, kwa hiyo ni haki mtu kuuliza hiki kimezidi nini. Kimezidi tarakimu moja. Cha homa kinakuandikia 36.4, hiki kinakuandikia 36.42. Bei yote iko kwenye hiyo 2 ya mwisho. Na niseme mapema: kwangu imelipa, ila si kwa kazi niliyokinunulia.

Tarakimu hiyo ina thamani kwa sababu joto la mwanamke la alfajiri, akiwa amelala vya kutosha na hajasogea kitandani, lina ngazi mbili ndani ya mzunguko mmoja. Kuanzia hedhi mpaka yai litoke, liko chini. Yai likishatoka, kile kifuko lilimokuwa kwenye ovari hakifi hapo hapo. Kinabaki kinatengeneza homoni ya projesteroni, na hiyo ndiyo inayopandisha joto kwa nyuzi 0.2 mpaka 0.5 na kulishikilia huko juu hadi karibu na hedhi nyingine. Sasa nyuzi 0.2 ni kitu kidogo mno. Kipimo kinachoruka kwa 0.1, tena chenye ruhusa ya kukosea 0.1 juu au chini, kinaweza kuimeza tofauti yote na wewe usijue.

Kukipata hapa mjini ni kazi. Nilianza na maduka ya dawa ya Double Road, nikashuka mpaka kule karibu na soko la Mbuyuni. Duka moja niliomba kipima joto cha kufuatilia siku za yai.

"Cha mimba?" akaniuliza yule dada.

"Hapana dada, cha joto. Kile chenye namba mbili baada ya nukta."

Akafungua kabati, akaniwekea mezani cha homa, cha 8,000. "Ni hiki hiki, mama. Joto ni joto."

Kwingine waliniletea vijiti vya kupima yai kwa mkojo, ambavyo ni kitu kingine kabisa na nitavifikia. Mzee mmoja aliinama chini ya kaunta akaibuka na kile cha zamani cha kioo chenye zebaki, vile ambavyo Mkataba wa Minamata, ule wa mataifa kuhusu zebaki, unataka viondoke duniani. Nilimshukuru nikaondoka. Na kama nyumbani mna ile bastola ya kupimia paji la uso tuliyoizoea milangoni wakati wa korona, iacheni ipumzike. Ile inasoma ngozi, na ngozi ya alfajiri ya Moshi mwezi wa saba inasoma ukungu wa mlima.

Mwisho nikaagiza kwa muuzaji wa Kariakoo anayetangaza mtandaoni, nikalipa kwa simu, mzigo nikauchukua ofisi ya basi pale stendi. Boksi la waridi, maelezo ya Kiingereza na Kichina. Asubuhi ya kwanza kikaniandikia 97.16. Aisee, niliketi. Kumbe kimetoka kiwandani kikisoma Farenhaiti, na 97.16 hiyo ni 36.2 ya kwetu. Kikiwa kimezimwa unabonyeza kitufe, unakishikilia bila kuachia mpaka herufi F igeuke C. Muuzaji angeandika hilo kwa kalamu juu ya boksi angeokoa watu wengi.

Sasa matumizi. Mimi nauza mtori na supu asubuhi, kwa hiyo Jumatatu mpaka Jumamosi naamka saa kumi alfajiri kuwasha moto na kumenya ndizi. Kwa biashara hii ya joto, kazi yangu ni bahati. Kipimo kinataka saa ile ile kila siku, na kabla yake uwe umelala mfululizo walau masaa matatu. Hutakiwi kusimama, kwenda chooni, kunywa maji, wala kuanza kugombana na mtu. Kwa hiyo kinalala chini ya mto, ndani ya chandarua, pamoja na simu. Simu ikitetemeka, mkono unakwenda chini ya mto hata macho hayajafunguka.

Unabonyeza, kinalia pii. Ncha unaiweka chini ya ulimi, kule nyuma pembeni karibu na magego, si mbele. Unafunga mdomo na kutulia. Namba inaanza 34 na kitu, inapanda mbio mpaka 35.9, halafu inaanza kujivuta: 36.08, 36.13, 36.17. Hapo ndipo wengi wanakichomoa. Mwache ajivute. Cha homa kinamaliza upesi, hiki kinataka dakika na zaidi, na ukikichomoa mapema unajiandikia joto la mdomo uliokuwa wazi. Kikitulia kinalia tena, safari hii pii pii pii pii mfululizo, na ndipo lawama yangu ya kwanza ilipo. Sauti haizimiki. Nimetafuta kwenye maelezo, nimebonyeza kila namna. Saa kumi usiku, nyumba ya vyumba viwili, mtoto amelala upande wa pili wa pazia. Nimejifunza kukifunika kwa pembe ya kitenge kabla hakijaimba.

Nisiwe mchoyo wa sifa: kina taa ndogo ya ndani, kioo kinawaka buluu unasoma bila kuwasha umeme. Na kinakumbuka kipimo cha mwisho, ukikiwasha tena kinakionyesha kwanza kabla ya kuanza upya. Kwa hiyo unaweza kupima, kukiacha, ukaandika baadaye moto ukishashika. Kinakumbuka kimoja tu, kwa hiyo usilimbikize.

Kuandika ndiko kazi yenyewe. Nilinunua karatasi za grafu steshenari, zile za wanafunzi wa sekondari, kila karatasi mzunguko mmoja. Chini siku kuanzia ya kwanza ya hedhi, pembeni joto kuanzia 35.9 mpaka 37.1, kila kiboksi 0.05. Wiki mbili za kwanza utadhani umeibiwa hela yako, nukta zinacheza cheza tu: 36.21, 36.14, 36.24, 36.18. Halafu asubuhi moja unapata 36.45, ya pili 36.51, ya tatu 36.49, na hazirudi tena chini. Kanuni inayofundishwa ni hii: joto tatu zinazofuatana, zote juu ya sita zilizozitangulia, na ile ya tatu iwe imezidi walau kwa 0.2 ile iliyokuwa kubwa kuliko zote kati ya zile sita. Ikitimia, yai limetoka. Mara ya kwanza kuona ule mstari unaruka na kubaki juu nilimwonyesha hadi binti anayenisaidia kuosha vyombo. Alidhani ni hesabu za mauzo.

Kuna asubuhi za kuzungushia duara na kuzipuuza. Jumapili nalala mpaka saa kumi na mbili, na joto linapanda kidogo kadiri unavyochelewa kuamka, kwa hiyo Jumapili zangu zote zimesimama juu ya wenzake. Baada ya kipaimara cha mtoto wa wifi kule Kibosho, ambako mbege ilikuwa nyingi na usingizi mchache, niliamka na 36.62 katikati ya wiki ya chini. Pombe hufanya hivyo, kukesha hufanya hivyo, malaria ndiyo usiseme. Mafua nayo yanafanya kinyume: pua ikiziba unalala mdomo wazi, mdomo unapoa, namba inashuka. Hizo hufuti, unazungushia duara na kuandika pembeni sababu. Ukiwa na duara nyingi kuliko nukta safi, mwezi huo hauna jibu, na hakuna hila ya kuupatia.

Sasa nije kwenye lile nililosema mwanzo, kuhusu kazi niliyokinunulia.

Mume wangu ni dereva wa lori, Moshi, Dar, Tanga, wakati mwingine Namanga. Tuna mtoto mmoja, yuko darasa la nne, na wa pili amekataa kuja. Mama mkwe ana swali moja tu kila tukipanda Uru: "Mama Glory, huyu mtoto atacheza na nani?" Mimi nikanunua kipima joto nikijua kitanipigia kengele: leo ndiyo siku, mwite mwenzio. Na mzunguko wa kwanza ulioeleweka, joto likapanda vizuri kabisa, nikampigia. Yuko Segera, anakula chipsi mayai. Lakini hata angekuwa mlangoni isingesaidia. Joto linapanda baada ya yai kutoka, na yai likishatoka linaishi saa 12 mpaka 24 tu. Ukiona asubuhi ya kwanza ya juu, yai ama linaaga au limeshaaga. Ukingoja ile ya tatu ili uwe na uhakika, unasherehekea msiba.

Hili linapaswa kuandikwa juu ya boksi kwa herufi kubwa kuliko picha ya yule mtoto wa Kizungu anayecheka. Kipima joto kinathibitisha, hakitabiri. Siku zenyewe za kushika mimba ni kama sita: tano kabla ya yai kutoka na siku yenyewe, kwa sababu mbegu za mwanaume zinaweza kuishi ndani ya mwanamke hadi siku tano zikisubiri. Nafasi kubwa zaidi iko kwenye zile siku mbili za mwisho kabla yai halijatoka. Na siku hizo kipima joto kinakaa kimya, kinakuandikia 36.2 zake za kila siku.

Kinachosema siku hizo ni ute. Wanawake wengi tunauona na kuupuuza au kudhani ni ugonjwa. Baada ya hedhi kuna ukavu, kisha ute mzito wa maziwa, kisha unakuja ule mwangavu, unaoteleza, unaovutika kati ya vidole viwili bila kukatika, mithili ya ute wa yai bichi la kuku. Huo ndio mlango uko wazi. Siku ya mwisho ya ute wa namna hiyo iko karibu sana na siku ya yai. Haugharimu hata shilingi. Vile vijiti vya mkojo navyo vinasaidia: vinakamata homoni ya LH inapopanda, na hiyo inapanda siku moja au moja na nusu kabla ya yai. Mimi nauziwa 1,000 kimoja, na navitumia nikishaona ute unaanza kuvutika, sivimalizi bure wiki nzima. Dereva wa lori ukimpa taarifa ya siku moja na nusu, anaweza kugeuka. Ukimpa ya jana, anakuuliza tu kama Glory amekula.

Basi hela yangu ilirudi wapi?

Ilirudi kwenye tarehe. Shuleni tulifundishwa yai linatoka siku ya 14, na mpaka leo ukiingia saluni yoyote ya Majengo utaambiwa siku ya 14 na mtu aliyesuka nusu kichwa. Siku ya 14 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28, na hata yeye si kila mwezi. Kinachokaribia kutobadilika ni kipande cha pili, kutoka yai litoke mpaka hedhi inayofuata, kama wiki mbili hivi, kwa wengine pungufu au zaidi kwa siku chache. Kinachorefuka na kufupika ni kipande cha kwanza. Mzunguko wangu unapita siku 30, na karatasi zangu zilipopangwa mezani zilisema kitu kimoja: joto linaruka karibu na siku ya 20. Likizo ndogo za mwenzangu, zile anazobembeleza kwa bosi, tulikuwa tunazipanga wiki nzima kabla. Hakuna kijiti, hakuna simu iliyoniambia hivyo kwa uwazi ule. Hapo ndipo ile tarakimu ya 32,000 ilipoanza kuonekana rahisi.

Ilirudi pia hospitali. Nilipoamua kwenda kwa daktari wa akina mama nilikunja karatasi zangu kwenye bahasha ya kaki. Nesi wa mapokezi alizigeuza juu chini. "Mama, hii ni presha?" Daktari alizijua. Alizipanga, akapitisha kalamu kwenye kila mruko, akaniambia mambo ambayo nayaandika hapa maana yatamfaa mwingine. Kwamba mstari wenye ngazi mbili unaonyesha yai linatoka, na hilo ni jambo la maana kwa sababu wapo ambao mstari wao unabaki tambarare mwezi mzima na hao wana safari tofauti. Lakini mstari hauoni kama mirija imeziba, hauoni uvimbe, hauoni ubora wa yai. Na kwamba kipimo cha damu cha projesteroni, kile watu wanachokiita cha siku ya 21, kinapaswa kuchukuliwa kama siku saba kabla ya hedhi inayotarajiwa. Kwa mwenye siku 28 ndiyo hiyo 21. Mimi ningekwenda siku ya 21 wangenipima yai ndiyo kwanza limetoka, majibu yaje chini, niambiwe silitoi yai kabisa. Tarehe yangu tuliipanga kwa kuangalia karatasi.

Halafu akavua miwani akauliza, "Na baba yuko wapi?"

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa katika safari hii. Kati ya wanandoa wanaochelewa kupata mtoto, takribani nusu tatizo linamgusa mwanaume, peke yake au pamoja na mke wake, na mtoto wa kwanza kupatikana hakumwondoi mtu kwenye hesabu hiyo. Mwanamke anapima joto kila alfajiri, anakunywa dawa za majani za kila shangazi, na mwanaume hajaweka mbegu kwenye kikopo hata mara moja. Kipimo chake ni rahisi kuliko vyangu vyote: asitoke mbegu kwa siku mbili mpaka saba, apeleke sampuli maabara, basi. Wangu alikuwa na tairi, kisha alikuwa na mzigo wa saruji, kisha alikuwa na foleni ya mizani. Alikwenda. Majibu yake ni yake, siyaandiki hapa.

Kwa hiyo ushauri kwa anayetaka kukaa mwaka wa pili na wa tatu akichora karatasi tu: ukiwa chini ya miaka 35, mwaka mmoja wa kujaribu bila mafanikio unatosha kukupeleka hospitali. Ukiwa umepita 35, ni miezi sita. Hedhi zikiwa hazieleweki kabisa, usingoje hata hiyo. KCMC iko hapa, Mawenzi iko hapa. Nenda na karatasi, na nenda na baba.

Kuna kitu kimoja hakuna aliyenitahadharisha. Joto linakaa juu muda wote baada ya yai kutoka, na hedhi ikikaribia linashuka. Mara nyingi linashuka asubuhi ile ile au siku moja kabla ya damu. Maana yake ni kwamba saa kumi alfajiri, gizani, hata hujawasha jiko, kile kioo cha buluu kinakuandikia 36.27 na unajua mwezi huu basi. Zamani nilikuwa na matumaini mpaka damu ionekane. Sasa natumikia watu mtori wa asubuhi nikiwa na habari mfukoni. Wapo wanaopenda kujua mapema. Mimi siku hizo naona afadhali ningelala. Dada yangu, ambaye moyo wake ni mwepesi, nilimkataza kununua. Yeye ute na vijiti vinamtosha. Upande wa pili wa jambo hilo hilo: joto likikaa juu siku 18 na kuendelea bila hedhi, nunua kipimo cha mimba. Mwenzangu mmoja wa pale sokoni alijua hivyo kabla kichefuchefu hakijaanza.

Programu za simu nimezijaribu na sizipendi. Unaijazia namba zako, na kabla hata joto halijapanda imeshakuwekea ua la zambarau siku ya 14, kwa sababu imekisia kwa wastani. Joto likipanda siku ya 20 inahamisha ua kimya kimya. Nyingi ni za Kiingereza, zinataka bando, na zinauliza mambo ambayo hata mama mkwe hajathubutu. Karatasi ya grafu ni shilingi 100.

Kwa wanaotaka kinyume, yaani kuzuia mimba bila vidonge wala sindano: njia hii ilikuwepo kabla yetu. Daktari wa Uholanzi, Theodoor van de Velde, aliandika kuhusu ngazi hizi mbili mwanzoni mwa karne ya 20, na padre Mjerumani, Wilhelm Hillebrand, akaifanya njia ya kupanga uzazi miaka ya 1930. Ya ute ni ya kina Billings wa Melbourne, Australia, na ndiyo sista wetu wa semina ya ndoa aliyoifundisha kwa kuchora ubaoni huku wanaume wakiangalia dari. Inafanya kazi kwa wenye nidhamu: joto na ute pamoja, na siku salama zinahesabiwa kuanzia jioni ya ile joto ya juu ya tatu, ute nao ukiwa umeshakauka. Joto peke yake halikwambii chochote kuhusu siku za mwanzo wa mzunguko. Na mume akiwa mtu wa "leo tu", tafuteni njia nyingine, nendeni kituo cha afya mkaelezwe.

Asiyepaswa kununua: nesi au mlinzi wa zamu za usiku, mama mwenye mtoto mchanga anayeamka kila saa, na mtu anayesafiri kwa mabasi ya usiku. Usingizi wao haukai mahali pamoja, na kipimo hiki kinategemea usingizi kuliko kinavyotegemea betri. Kwa mwingine yeyote, kifaa chenyewe nakipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya ile kelele na ile F ya kiwandani. Boksi lake, lenye ahadi ya kukuonyesha siku ya kushika mimba, nalipa nyota mbili.

Kwenye kukitunza hakuna mengi. Ncha unaifuta kwa spiriti au maji ya kawaida na sabuni. Maji ya moto yanaiua. Betri ni ndogo ya duara, LR41, namba imeandikwa kwenye kifuniko kwa maandishi ya kutafutia mwanga. Ikianza kuchoka kioo kinafifia na namba zinakuwa za ajabu, usizichore. Mafundi saa wa karibu na Mnara wa Saa wanazo, mimi nilitoa 1,500 pamoja na kufunguliwa, maana skrubu yake haikubali kisu cha ndizi. Sema LR41 mara mbili. Fundi alianza kwa kunipa LR44, na hiyo haiingii.